Marjani Hachapwi

Siku ile ya Idi uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Kanzu mpya zilikuwa zimepigwa pasi mpaka unaogopa kuzigusa, pembea zilikuwa zinalia kwa uzito wa watoto, wauza visheti na kashata walikuwa wanagombea kivuli, na upande wa Kariakoo watu wa beni walikuwa wanajaribu matarumbeta yao. Fakhriya hakuwa na habari na lolote katika hayo. Alikaa upande wa wanawake, ncha ya buibui ameibana kwa meno, macho yamekwama pale penye mlango wa kamba ambapo Muhiddin angetokea na Marjani.

"Punguza kutazama," shangazi yake, Bi Mwanamize, alimnong'oneza. "Mama yake Mbaruk yuko nyuma yetu. Anakuhesabu kope."

"Namtazama farasi, Shangazi."

"Hata mimi umri wako nilikuwa natazama farasi. Na kwetu hatukuwa naye."

Fakhriya aliuma buibui zaidi ili asicheke. Bi Mwanamize ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuna kilichompita.

Marjani alikuwa mali ya baba yake, Nasor bin Salim, mfanyabiashara wa tende na samli wa Mtaa wa Kongo. Alimleta kutoka Unguja akiwa mtoto wa farasi, mwekundu kama jina lake, akamshusha melini kwa mkono wake mwenyewe. Farasi walikuwa wachache mjini, tena wengi wao wa Wazungu, kwa hiyo Kariakoo nzima ilimchukulia Marjani kama wa kwao. Wanawake walimpelekea maganda ya ndizi. Watoto walijua saa anayokunywa maji.

Aliyemfundisha alikuwa Muhiddin, kijana wa Mtaa wa Sikukuu, mtoto wa Mzee Mwinyimvua fundi vitanda. Alipokuwa barobaro alipanda meli kwenda Bombay na tajiri mmoja wa farasi, akaishia ndani kabisa ya Bara Hindi, kwenye zizi la nawabu, mtawala mmoja wa huko, chini ya mwalimu mzee wa Kizungu aliyekuwa amefundisha farasi wa wafalme. Huko alijifunza elimu ya zamani ya kupanda: farasi hapigwi, hatishwi, anaombwa, anasubiriwa, na akitoa hata kidogo anashukuriwa. Alirudi Dar es Salaam mtu mzima, mgongo umenyooka, hana haraka na jambo lolote. Nasor alimchukua siku hiyo hiyo aliyomwona akimshika Marjani hatamu.

Na kwa kuwa ua wa farasi ulikuwa nyuma ya nyumba, na kwa kuwa Bi Mwanamize alikuwa tayari kukaa mkekani akishona kofia kila asubuhi, Fakhriya naye aliruhusiwa kushika kamba. Basi alijifunza. Alijifunza kumwita Marjani bila kumvuta, na kumsimamisha kwa kutoa pumzi tu. Kisha, bila mtu kumfundisha, alijifunza kuijua sauti ya Muhiddin hata anapokohoa.

"Huyo," Bi Mwanamize alisema.

Walitokea. Uwanja ulinyamaza kuanzia mbele kwenda nyuma.

Muhiddin alivaa kanzu nyeupe na kizibao cheusi, mkononi hana fimbo. Alimzungusha Marjani mara moja kwa mwendo wa taratibu, kisha farasi yule akaanza kwenda upande upande, miguu ikipishana bila kugusana, shingo imepinda kwa madaha kama bibi harusi anayejua kuwa anatazamwa. Wakaingia mchakamchaka. Katikati ya uwanja mchakamchaka ule ukabaki palepale: kwato zinapanda, zinashuka, na farasi haendi mbele. Watu walitafuta amri inatoka wapi, hawakuiona. Mikono ya Muhiddin ilikuwa imetulia mapajani. Mwisho Marjani aligeuka duara zima juu ya miguu yake ya nyuma, pole pole, akasimama, akashusha pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwa wanawake.

Vigelegele vilipasuka. Fakhriya hakupiga. Muhiddin aliinamisha kichwa kwa wazee waliokaa chini ya turubai, na alipokiinua, jicho lake lilipita juu ya vichwa vya watu wote likafika kwake. Likakaa kidogo tu.

"Kope," alinong'ona Bi Mwanamize.

Chini ya turubai Mbaruk bin Seif alisimama. Alikuwa ametoka Unguja na mama yake kuja kuposa. Kijana mzuri wa sura, mcheshi, mwenye mashamba ya karafuu na jambia la fedha kiunoni, wala hakuwa amesikia neno hapana maishani mwake. Nasor hakuwa amempa jibu, ila wageni walikuwa wanalala nyumbani kwake, na mtaani hilo lilitosha kuwa jibu.

"Ami Nasor," Mbaruk alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "farasi wako ana adabu, mashallah. Lakini hii ni kazi ya kutembea. Kwetu farasi wa Idi anasimama kwa miguu miwili, ngoma zinapigwa, watu wanarudi nyumbani na la kusimulia. Nimekuletea zawadi."

Alifunua kitambaa. Ndani mlikuwa na hatamu za nakshi ya fedha na lijamu la chuma, lile la aina kali, lenye ulimi mrefu unaokaa juu ya ulimi wa farasi. Watu walishangilia fedha. Muhiddin alitazama chuma.

"Mfungie," Nasor alimwambia, anatabasamu kwa wageni. "Asimame tuone."

Muhiddin alimsogeza Marjani mpaka karibu na turubai. "Samahani, Mzee. Kusimama nitamfundisha, lakini si leo. Mgongo na viuno vyake havijapata nguvu ya kumbeba hivyo. Akisimama sasa atasimama kwa maumivu."

"Ni kidogo tu, Muhiddin. Kwa ajili ya wageni."

"Kwa lijamu lile hakuna kidogo, Mzee."

Tabasamu la Nasor lilianza kuganda. Watu walikuwa wanasogea ili wasikie. "Muhiddin. Farasi ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi nimesema asimame."

Fakhriya, kutoka mbali, aliona jinsi Muhiddin alivyoweka kiganja chake shingoni mwa Marjani, akakiacha hapo. Kisha akashuka. Alilegeza mkanda wa tandiko kwa utaratibu wake wa kila siku, akamkabidhi Nasor hatamu kwa mikono miwili.

"Farasi ni wako, Mzee," alisema. "Mkono ni wangu."

Mnong'ono ulipita uwanjani kama upepo kwenye makuti. Nasor bin Salim, mtu ambaye neno lake lilikuwa halirudishwi sokoni Kariakoo, alibaki ameshika hatamu na hajui azifanye nini. Mbaruk akamwondolea aibu ile kwa kicheko.

"Nipe mimi, Ami."

Walimfungia Marjani kile chuma. Mbaruk akakaza mkanda, akapanda, akavuta.

Marjani hakuruka, hakupiga mateke, hakufanya lolote kati ya mambo watu waliyokuwa wanayaogopa. Alisimama. Alitetemeka kuanzia mabegani mpaka mkiani, akasimama. Mbaruk alivuta tena, akampiga kwa kisigino, akaomba mjeledi, akapewa. Mjeledi ulilia mara ya kwanza, ukalia tena. Povu lililodondoka kutoka mdomoni mwa farasi lilikuwa na wekundu. Matarumbeta ya beni yalikuwa yameshanyamaza, na kila mtu alisikia kile chuma kinavyogonga meno.

"Shangazi," Fakhriya alisema, "nishikie viatu."

"Fakhriya! Unakwenda wapi? Fakhriya, baba yako..."

Alikuwa ameshainuka. Alipita katikati ya wanawake, akavuka kamba, akaingia uwanjani peku, buibui likimpepea nyuma, mbele ya macho ya mji mzima. Hakukimbia. Marjani alikuwa amefundishwa asikimbiliwe. Alimwendea kwa ubavu, bega lake limegeuka kidogo, akatoa pumzi kama walivyofanya kila asubuhi, na sikio moja la farasi likamgeukia.

"Shuka," alimwambia Mbaruk.

Mbaruk alimtazama kutoka juu, mjeledi bado umeinuliwa. "Bibi, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Shuka."

Sijui ni sauti ile au ni macho ya watu, lakini alishuka. Fakhriya alifungua lijamu kwa vidole vyake, akalitoa kwa uangalifu kinywani mwa farasi, akaliacha lianguke mchangani pamoja na fedha zake. Hakumwekea kitu kingine. Aligeuka, akaanza kutembea kuelekea Mtaa wa Kongo, na Marjani, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa amekataa kusogea kwa mjeledi, akamfuata, pua yake karibu na bega la binti yule.

Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Halafu wakapiga wote.

* * *

Walipofika kwenye mitaa ya Kariakoo Muhiddin alikuwa ametokea upande wa pili wa farasi. Bi Mwanamize alikuwa nyuma yao, ameshika viatu, anahema na kulalamika kwa sauti ili kila jirani ajue kwamba binti hayuko peke yake na mwanamume. Watu walitoka barazani. Wengine walisema Idi Mubarak, wengine walitazama tu.

Waliongea juu ya shingo ya Marjani, kila mmoja anatazama mbele.

"Ulimi umechubuka," Muhiddin alisema. "Haukukatika. Maji ya chumvi, na asifungwe chochote mdomoni mpaka nitakapo... mpaka upone."

"Ulitaka kusema mpaka utakaporuhusu."

"Sina ruhusa ya kutoa tena. Baba yako hatanitaka pale."

"Na mimi je, baba yangu atanitaka?"

Muhiddin alimpapasa Marjani shingo. "Kwa nini uliingia uwanjani?"

"Kwa nini wewe ulishuka?"

"Nilishuka kwa sababu nilimwahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Yeye." Aliashiria farasi kwa kidevu. "Siku ya kwanza. Nilimwambia sitamwomba kitu asichokiweza."

Fakhriya alihisi machozi yakimjia kwa mara ya kwanza siku ile, akayakasirikia. "Muhiddin, leo watanilazimisha niitikie. Mama yake Mbaruk ameleta mpaka pete. Kama ukiniambia twende, nitakwenda. Kuna treni ya Morogoro. Mimi sina ninachokiogopa tena, nimeshatembea peku Mnazi Mmoja."

Muhiddin alisimama, na Marjani akasimama. Sasa alimtazama waziwazi, na Fakhriya akaona jinsi jambo lile lilivyompendeza na lilivyomuumiza kwa pamoja.

"Sitakuchukua kwa mlango wa nyuma," alisema. "Wewe si kitu cha kutorosha, wala mimi si mtu wa kukimbia. Nikikutaka, na nakutaka, Fakhriya, Mungu anajua ninavyokutaka, baba yangu atavaa kanzu yake na kilemba chake aje mlango wa mbele, mchana, mtaa mzima unaona."

"Atamfukuza."

"Basi atakuja tena."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe sema unachokitaka. Kama ulivyosema leo."

"Tembeeni!" Bi Mwanamize alifoka nyuma. "Barabara ya watu hii!"

* * *

Nasor alirudi nyumbani na wageni wake kabla ya adhuhuri. Fakhriya aliwasubiri ukumbini amesimama, mikono bado inanuka farasi.

"Umenivua nguo," baba yake alisema. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo ndilo lililomwogofya. "Miaka yote niliyokaa mji huu hakuna aliyenivua nguo. Leo wamenivua mtumishi wangu na binti yangu, siku moja, uwanja mmoja."

"Mimi nilimtoa Marjani kwenye maumivu, Baba. Sikuwa nakufikiria wewe."

"Ndiyo! Hukuwa unanifikiria!"

"Kaka," Bi Mwanamize aliingilia, "watu hawakukucheka. Mimi nilikuwa pale. Walinyamaza, kisha walishangilia."

"Walimshangilia nani?"

Mama yake Mbaruk alikuwa anajifunga ushungi upya kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Sisi tulikuja kuposa mwali wa ndani," alisema. "Hatukuja kuposa askari. Binti anayemwamrisha mwanamume mbele ya watu, kesho atamwamrisha nini ndani?"

"Mama, acha," Mbaruk alisema. Ucheshi ulikuwa umemtoka. Alimgeukia Fakhriya. "Nataka kujua jambo moja: kwa nini farasi yule alinikataa? Nimepanda farasi tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kuniambia shuka."

"Labda ndiyo sababu," Fakhriya alijibu. Kisha, kwa kuwa aliona kwamba mtu yule alikuwa ameuliza kweli, akaongeza kwa upole, "Ungemngoja kidogo, angekupa. Hajawahi kumnyima mtu anayemngoja."

Mbaruk alikaa akilifikiria hilo. Halafu akamwambia Nasor kwamba wataondoka kwa meli itakayofuata, kwamba hana kinyongo, na kwamba hatamu zile za fedha asirudishiwe. Mama yake hakuaga.

Walipobaki wenyewe Nasor alikaa chini kwa uzito. "Umekataa mtu kama yule kwa ajili ya mtoto wa fundi vitanda. Usidhani sijui. Yule Muhiddin asikanyage tena ua wangu. Na ukoo wake usiutaje humu ndani."

"Sitautaja," Fakhriya alisema. "Lakini na wewe, Baba, usinitajie mwingine. Sitaolewa na mtu nisiyemtaka, na wala sitatoroka. Nitakaa hapa hapa unione kila siku."

* * *

Na alikaa. Kila asubuhi alikwenda bandani na maji ya chumvi, akamsafisha Marjani mdomo, akarudi ndani. Salamu kwa baba yake hakuikosa. "Shikamoo, Baba." "Marahaba." Zaidi ya hapo hapakuwa na neno.

Kilichomvunja Nasor hakikuwa kimya cha binti yake. Zamani, kila alipoingia uani, Marjani alikuwa anamfuata na kuchokonoa mfuko wa kanzu akitafuta tende. Sasa alipoingia na tende mkononi, farasi yule alirudi nyuma mpaka kiuno kikagusa ukuta, akainua kichwa juu asiweze kushikwa. Nasor alimwita. Akasogea. Marjani akajibanza pembeni, macho meupe.

Fakhriya alikuwa mlangoni na ndoo. Alimwona baba yake anashusha mkono.

"Ananiogopa," Nasor alisema, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Mimi. Nilimshusha melini mimi."

"Wewe ndiye uliyempa Mbaruk hatamu, Baba. Aliona."

Nasor aliiweka tende juu ya ukuta. Kisha akasema, "Mwite."

"Nani, Baba?"

"Unamjua nani."

Muhiddin alikuja baada ya alasiri. Alisimama nje ya mlango wa ua, hakuvuka. "Masalkheri, Mzee. Nimeambiwa unaniita."

"Ingia."

"Uliniambia nisikanyage."

"Sasa nakuambia ingia! Unataka nikupigie magoti?"

"Hapana, Mzee. Nataka jambo moja. Kile chuma kisirudi katika ua huu, wala mjeledi. Mtu yeyote asimpige, hata mwenye mali."

Nasor alivimba. "Wewe unanipa mimi sharti?"

"Si mimi," Muhiddin alisema. "Ni yeye. Mimi namtafsiria tu."

Pale mkekani Bi Mwanamize alijifanya sindano imemchoma, apate kuinama na kuficha kicheko. Nasor alimtazama farasi, akamtazama kijana, na hatimaye akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo likaanza jambo ambalo majirani walipanda kwenye madebe kulichungulia. Muhiddin hakumfundisha Marjani. Alimfundisha Nasor. Alimsimamisha katikati ya ua, tende kiganjani, akamwambia asimtazame farasi machoni, asimwite, asimfuate.

"Nisimame tu?"

"Usimame tu, Mzee. Na ulegeze mabega. Umesimama kama mtu anayedai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aamue mwenyewe."

Siku ya kwanza Marjani hakuja. Nasor aliondoka akitukana jua. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Mwenye duka kubwa la Mtaa wa Kongo aliwaacha wateja wake wakisubiri, akasimama uani na tende kiganjani, anajifunza kungoja. Fakhriya aliyatazama hayo dirishani, na ndani ya moyo wake, palipokuwa na hasira, paliingia kitu kingine. Alijivunia baba yake. Si kila mtu mkubwa angekubali kusimama hivyo.

Asubuhi moja Marjani alivuta hatua, akasita, akavuta nyingine. Akanusa mkono wa kanzu. Akaichukua tende kwa midomo tu, taratibu, kisha akakilaza kichwa chake chote kifuani mwa Nasor, na uzito wake wote.

Nasor hakuthubutu kusogea. Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akasema kwamba vumbi la ua ule ni baya.

"Ni baya kweli, Mzee," Muhiddin alisema, akatazama pembeni.

Halafu Nasor, bila kugeuka, aliuliza, "Una neno lolote la kuniambia, wewe?"

"Ninalo. Lakini si la kusemwa bandani. Atakuja nalo baba yangu."

Nasor alimkuna Marjani nyuma ya sikio. Hakusema hapana.

* * *

Mzee Mwinyimvua alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, kanzu yake nyeupe, kilemba chake cha kahawia, nyuma yake wazee wawili wa mtaani kwake. Walipita Mtaa wa Kongo mchana kweupe, pole pole, wakisalimia kila baraza, na kila baraza likajua wanakokwenda. Nasor aliwapokea, akawakalisha, kahawa ikapita. Waliulizana hali, biashara, mvua. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Fakhriya alikuwa amekaa na shangazi yake.

"Bwana Nasor," Mwinyimvua alisema hatimaye, "tumekuja kuomba. Kijana wetu Muhiddin anamtaka binti yako Fakhriya. Hatuna mashamba ya karafuu. Tuna jina ambalo hatujawahi kulionea haya."

"Ndugu zangu wa Unguja wataniuliza habari ya ukoo," Nasor alisema. "Siwezi kukuficha. Wataniuliza nimempa nani binti wa Salim."

Mwinyimvua aliweka kikombe chini. Hakukasirika. "Waambie umempa mtoto wa Mwinyimvua, Mzaramo, fundi. Waambie wazee wake walilima hapa kabla hapajaitwa Kariakoo. Na ukitaka kuwaambia zaidi, waambie kijana huyo aliwahi kukukatalia jambo mbele ya mji mzima, na hukuwahi kupata mtu mwingine wa kukwambia kweli."

Fakhriya alifumba macho. Basi yamekwisha, aliwaza, mzee amesema mno.

Kisha akasikia baba yake anacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeshikwa. "Kijana wako na mdomo wake huo, wewe ndiye uliyemfundisha au ni hao Wahindi?"

"Mdomo ni wa kwetu," Mwinyimvua alisema. "Mkono ndio wa ugenini."

"Kwangu mimi," Nasor alisema, na sauti yake ilirudi kuwa nzito, "sina kizuizi. Lakini binti ataulizwa."

Bi Mwanamize alipewa kazi hiyo. Kwa desturi mwali akiulizwa huinamisha kichwa, hunyamaza, na ukimya wake ndio ridhaa. Wazee hutoka kuwaambia wenzao kwamba amenyamaza, watu wakafurahi, fatiha ikasomwa. Bi Mwanamize aliinama. "Fakhriya binti Nasor, umeposwa na Muhiddin bin Mwinyimvua. Unaridhika?" Kisha akanong'ona, "Haya, nyamaza vizuri, mwanangu."

Fakhriya alisimama. Alifika kwenye pazia, akaushika ukingo wake bila kulifunua, na akasema kwa sauti iliyovuka pazia, ikavuka baraza, ikatoka hadi mtaani, kwa muuza kahawa, ambako Muhiddin alikuwa amesimama na kikombe alichokuwa amesahau kukinywa:

"Nimeridhika, Baba. Nasema kwa mdomo wangu, ili kesho asitokee mtu wa kunisemea."

Kikombe kililia mahali fulani kwenye sahani yake. Mzee mmoja wa Mtaa wa Sikukuu alikohoa. Bi Mwanamize alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka na kulia.

Nasor bin Salim alijinyoosha mgongo mahali alipokaa, akawatazama wageni wake mmoja mmoja.

"Mmemsikia," alisema. "Huyo ndiye binti yangu."